Ektropioni ya kovu

Ektropioni ya kovu (kutoka neno la Kigiriki ektropion, "kugeuka nje") ni hali ya kope kubinuka kuelekea nje na kuachana na jicho, kwa sababu ngozi ya kope hiyo au ya shavu lililo karibu imefupishwa na kovu. Hapa neno kope lina maana ya kifuniko cha jicho, cha juu au cha chini. Nywele zinazoota ukingoni mwake huitwa nywele za kope. Hali hii hupata zaidi kope ya chini, lakini inapopata kope ya juu hatari yake kwa uwezo wa kuona ni kubwa zaidi, kwa kuwa kope ya juu ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kulifunika jicho.

Katika Tanzania wagonjwa wengi wa hali hii ni watu waliowahi kuungua moto au kujeruhiwa usoni. Katika maeneo kama kata ya Matambarale, wilaya ya Ruangwa, na wilaya jirani ya Nachingwea mkoani Lindi, kovu la kope lina sura mbili ambazo watu huzichanganya: kope inayobinuka nje, ambayo ndiyo mada ya makala hii, na kope inayojikunja ndani kutokana na ugonjwa wa vikope (trakoma). Matibabu ya moja si matibabu ya nyingine.

Muundo wa kope na nguvu ya kovu

Kope ni nyembamba, lakini ina tabaka mbili. Tabaka la mbele ni ngozi pamoja na msuli wa duara unaofumba jicho. Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko ngozi ya sehemu nyingine yoyote ya mwili, ndiyo maana huungua na kujikunja kwa urahisi. Tabaka la nyuma ni bamba gumu kiasi liitwalo tarso, pamoja na utando telezi unaogusa jicho, yaani konjunktiva. Ukingo wa kope unakaa sawasawa juu ya jicho kwa sababu tabaka hizo mbili zinavutana kwa nguvu iliyo sawa.

Kovu likitokea katika tabaka la mbele, ngozi hufupika na kuuvuta ukingo kuelekea nje: hiyo ni ektropioni. Likitokea katika tabaka la nyuma, ukingo huvutwa kuelekea ndani na nywele za kope huanza kulikwaruza jicho: hiyo ni entropioni, na nywele zinazogusa jicho huitwa trikiasi. Anayeelewa jambo hili moja anaweza kukisia, kwa kutazama tu upande kope ilikogeukia, ugonjwa ulianzia wapi.

Kovu halilazimiki kuwa kwenye kope yenyewe. Kovu kubwa la shavu, hata la shingo, linaweza kuvuta ngozi yote ya uso kwenda chini na kuibinua kope ambayo haikuguswa na moto.

Sababu

Kuungua ndiyo sababu inayojulikana zaidi. Watoto wadogo huungua kwa maji ya moto, uji, chai au mafuta ya kupikia, hasa pale jiko la mafiga lilipo chini, mahali mtoto anapotambaa. Watu wazima huungua kwa petroli, mafuta ya taa, umeme au tindikali.

Watu wenye kifafa wana hatari ya pekee, kwa sababu degedege linaweza kuwaangusha motoni wakiwa hawajitambui, na mtu aliyepoteza fahamu hauondoi uso wake kwenye makaa. Daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, karibu na mwaka 1960, alieleza jinsi majeraha ya moto yalivyokuwa mengi kwa wagonjwa wake. Alieleza pia jinsi hofu ya kwamba kifafa huambukizwa kwa povu la mdomoni ilivyowafanya watu wasite kumgusa mgonjwa aliyeanguka. Kifafa hakiambukizwi kwa kugusana, na kumvuta mtu haraka kutoka motoni kunaweza kuokoa macho yake. Vilevile dawa za kila siku za kuzuia degedege ni sehemu ya kinga ya macho, ingawa ni nadra kutajwa hivyo.

Majeraha ya ajali za barabarani, hasa za pikipiki, kuumwa na mbwa au fisi, na kukatwa kwa panga huacha makovu ya mstari yanayovuta kope sehemu moja tu. Mara nyingi tatizo linatokana na jeraha lililoshonwa bila kingo za kope kulinganishwa vizuri, au lililoachwa wazi lijifunge lenyewe.

Maambukizi nayo yamo. Kimeta, ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini, ukiingia kwenye ngozi ya kope huanza kama kipele kisichouma, kisha hutokea uvimbe mkubwa na ngaga nyeusi. Ngaga ikidondoka, ngozi iliyokufa huacha pengo, na kovu linaloziba pengo hilo huibinua kope. Mkanda wa jeshi unaotokea kwenye paji la uso na kuzunguka jicho unaweza kuacha makovu ya aina hiyo, hasa kwa mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili. Noma, ugonjwa unaokula uso wa watoto wenye utapiamlo na ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, huanzia kinywani lakini makovu yake yanaweza kufika hadi kwenye kope ya chini.

Jua pia huharibu ngozi ya kope polepole. Watu wenye ualbino hupata vidonda na saratani za ngozi usoni, na kovu linaweza kutokana na ugonjwa wenyewe au na upasuaji wa kuuondoa. Kofia pana, miwani ya jua na mafuta ya kuzuia jua, yakiwemo yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hupunguza hatari hiyo.

Ukoma unahitaji maelezo ya pekee kwa sababu mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambako ugonjwa huo umeendelea kuonekana. Kope ya chini ya mgonjwa wa ukoma huanguka kwa sababu neva ya uso imelegea, na siyo kwa sababu ya kovu. Hiyo huitwa ektropioni ya kupooza. Ngozi yake haijafupika, hivyo kupandikiza ngozi hakumsaidii. Anahitaji kope ikazwe. Kinachomzidishia hatari ni kwamba ukoma unaweza kuua hisia ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na mgonjwa akawa na kidonda jichoni bila kuhisi maumivu.

Dalili na madhara

Dalili ya kwanza huwa machozi. Kwa kawaida machozi huingia kwenye kitundu kidogo kilicho katika kona ya ndani ya kila kope na kuteremkia puani. Kope ikibinuka, kitundu hicho hutazama hewani, na machozi hukosa njia yakatiririka shavuni. Mgonjwa huyafuta mara kwa mara kwa kuvuta ngozi kuelekea chini; chumvi ya machozi na kule kufuta huiwasha ngozi ya shavu, ngozi hiyo inakakamaa na kufupika zaidi, na kope inazidi kubinuka. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Kwa sababu hiyo wagonjwa hufundishwa kufuta machozi kwa kugusa taratibu kuelekea juu na puani, kamwe si kwenda chini.

Utando wa ndani wa kope, unaopaswa kuwa na unyevu daima, ukikaa hewani hukauka, huwa mwekundu, kisha mnene na mgumu. Mgonjwa husema anahisi mchanga jichoni. Wengine humwona kama mtu anayelia au asiyelala, na watoto shuleni hutaniwa kwa ajili ya hilo.

Hatari kubwa ni konea kukauka. Usiku, kope zisipofungana, jicho hubaki wazi kwa saa nyingi. Watu wengi huviringisha macho kuelekea juu wanapofumba, na hilo huikinga konea kwa kiasi. Asiye na kinga hiyo ya maumbile huharibikiwa mapema. Konea kavu hupata michubuko, michubuko hualika bakteria au kuvu, na kidonda cha konea kinaweza kutoboa jicho au kuacha doa jeupe la kudumu. Doa hilo si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani, na huondolewa kwa upasuaji wa kawaida. Doa la konea linahitaji konea ya mtu aliyefariki, tiba ambayo ni adimu sana katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo kazi yote ya kutibu ektropioni ni kulizuia doa hilo lisitokee.

Mtoto mdogo anayepata doa, au ambaye kope yake imevutwa kiasi cha kuharibu uoni wa jicho moja, ana hatari ya ziada: ubongo unaweza kuacha kulitumia jicho hilo, na likabaki dhaifu hata baada ya kope kutengenezwa.

Uchunguzi

Ektropioni ya kovu hutambuliwa kwa macho na vidole, hata katika zahanati isiyo na vifaa. Mgonjwa huambiwa atazame juu na kufungua kinywa kwa wakati mmoja. Ngozi ya uso inapovutika hivyo, kope yenye kovu hubinuka zaidi, kwa kuwa haina ngozi ya akiba. Kisha mpimaji hujaribu kuisukuma kope ya chini kuelekea juu kwa kidole: kope iliyolegea kwa uzee au kupooza hupanda bila shida, ila yenye kovu hukataa.

Halafu mgonjwa hufumba macho taratibu kama anayelala, na mpimaji huangalia kama kuna mwanya na ni wa milimita ngapi. Rangi ya fluoresini ikitiwa jichoni na kumulikwa kwa mwanga wa buluu, sehemu za konea zilizochubuka hung'aa kijani. Hisia ya konea hupimwa kwa ncha ya pamba, kabla ya kutia ganzi yoyote.

Huduma ya kwanza na matibabu bila upasuaji

Mtu aliyeungua usoni anapaswa kumwagiwa maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20 hivi. Ikiwa ni tindikali, magadi au chokaa imeingia jichoni, maji hayo ni mengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa. Dawa ya meno, mafuta ya taa, mayai mabichi na majivu havipozi jeraha. Huingiza uchafu na kumficha daktari hali ya ngozi. Siku za kwanza kope huvimba mpaka jicho halionekani, na hilo huwapumbaza wengi wakidhani jicho limefunikwa salama. Uvimbe ukishuka, katika wiki zinazofuata, ndipo kovu huanza kuvuta. Mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na jicho zima anaweza kurudi baada ya mwezi likiwa na kidonda. Muda huo ndio unaohitaji uangalizi wa karibu, na ndio ambao mgonjwa wa kijijini huwa mbali na hospitali.

Wakati wa kusubiri, jicho hulindwa kwa matone ya kulainisha mchana na dawa ya kupaka usiku. Mafuta ya macho ya tetrasaiklini, yanayopatikana katika zahanati nyingi, hufanya kazi zote mbili za kulainisha na kuzuia bakteria. Kope zinaweza kufungwa kwa plasta wakati wa kulala, ikiwa mgonjwa ameonyeshwa namna ya kuhakikisha jicho limefumba kweli, kwa maana plasta au bendeji inayogusa konea iliyo wazi hudhuru kuliko kutoweka chochote. Kovu jipya husuguliwa kwa kidole chenye mafuta mara kadhaa kwa siku, kuelekea upande ambao kope inapaswa kwenda. Katika hali nyepesi hilo peke yake linaweza kutosha.

Dawa za majani hazipaswi kutiwa jichoni. Baadhi huunguza konjunktiva na konea, na mgonjwa akaongezewa kovu la ndani juu ya lile la nje.

Upasuaji

Kwa kawaida daktari husubiri kovu likomae, yaani liache kuwa jekundu na gumu, jambo linalochukua miezi 6 hadi 12. Anayefanyiwa mapema mno huweza kurudiwa na tatizo. Lakini konea ikiwa hatarini hakuna kusubiri: kope hushonwa pamoja kwa muda, au kovu hufunguliwa na kupandikizwa ngozi mara moja, kwa makubaliano kwamba huenda upasuaji wa pili ukahitajika baadaye.

Kovu jembamba la mstari huvunjwa kwa mkato wenye umbo la herufi Z, unaobadilishana ncha mbili za ngozi na hivyo kurefusha mstari uliokuwa mfupi. Kovu pana halirefushwi hivyo. Ngozi imepungua na lazima iletwe nyingine. Daktari hukata kovu sambamba na ukingo wa kope, huachanisha nyuzi zake zote mpaka kope irudi mahali pake bila kulazimishwa, na pengo linalobaki huonyesha ni ngozi kiasi gani iliyopotea. Mara nyingi pengo huwa kubwa kuliko mgonjwa alivyotarajia.

Pengo hilo huzibwa kwa kipandikizi cha ngozi nzima, ambacho hunywea kidogo kuliko kipandikizi chembamba kilichochunwa juujuu. Ngozi inayofaa zaidi ni ya kope ya juu ya jicho jingine, kama ipo ya ziada. Baada yake hutumika ngozi ya nyuma ya sikio, ya juu ya mtulinga, au ya upande wa ndani wa mkono. Mafuta yote chini yake huondolewa, na hukatwa kubwa kuliko pengo kwa kuwa itanywea tu. Kope hushikiliwa ikiwa imevutwa kwa uzi unaobandikwa kwenye paji la uso, na kipandikizi hukandamizwa kwa shashi kwa muda wa wiki moja hivi ili mishipa midogo ya damu iingie. Kwa mtu mzima ganzi ya sindano hutosha; mtoto huhitaji nusukaputi. Ikiwa kope ya chini imelegea pia, ncha yake ya nje hukazwa kwenye mfupa wa tundu la jicho katika upasuaji uleule.

Kipandikizi kinaweza kufa kwa damu kukusanyika chini yake au kwa maambukizi, na rangi yake huweza kubaki tofauti na ya uso. Wengi huogopa kovu la keloidi. Keloidi hutokea sana kwenye masikio, kifua na mabega ya watu weusi, lakini ni nadra kwenye kope zenyewe.

Tofauti na upasuaji wa vikope

Ruangwa na Nachingwea ni miongoni mwa wilaya za Tanzania ambako vikope vimekuwa tatizo la afya ya jamii. Bakteria Chlamydia trachomatis huambukiza watoto tena na tena kupitia vidole, nguo na nzi. Kovu hujijenga ndani ya kope kwa miaka mingi, na mtu akiwa mzima nywele za kope huanza kumchoma. Wanawake, ambao huwa karibu zaidi na watoto, hupata madhara hayo kuliko wanaume. Shirika la Afya Duniani hutumia mkakati uitwao SAFE, unaojumuisha upasuaji, dawa ya azithromaisini kwa jamii nzima, usafi wa uso, na maji na vyoo. Kiwango cha kutangaza tatizo limeondolewa ni trikiasi isiyojulikana na mfumo wa afya kuwa chini ya 0.2% ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na vikope hai kuwa chini ya 5% kwa watoto wa mwaka 1 hadi 9.

Upasuaji wa trikiasi hukata tarso na kuuzungusha ukingo kuelekea nje. Hufanywa hata kijijini na wahudumu waliofunzwa kazi hiyo moja, wakiwemo wauguzi, na hauhitaji kipandikizi. Ukingo ukizungushwa kupita kiasi, kope hubinuka nje, na huyo mgonjwa naye anakuwa na ektropioni, ingawa sababu yake ni mkono wa mpasuaji. Kosa hilo likionekana siku za mwanzo, nyuzi zinaweza kulegezwa.

Kutokana na hayo, mtu aliyebinuka kope kwa kuungua akienda kwenye kambi ya upasuaji wa vikope hatapata tiba yake pale. Anachoweza kupata ni mafuta ya macho na barua ya rufaa, navyo si vitu vya kudharau. Njia ya kawaida kutoka Matambarale hupitia zahanati na hospitali ya wilaya, kisha hospitali kubwa zaidi: Sokoine mjini Lindi, Ndanda wilayani Masasi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara. Upasuaji mgumu wa kurekebisha uso hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili au CCBRT. Maumivu, machozi yaliyozidi ghafla, uoni kufifia au doa jeupe jipya ni dharura, hata kama tarehe ya rufaa bado.

Historia

Mwandishi Mroma Celsus, katika karne ya 1, alieleza kope zilizobinuka na zisizofumba, na mikato ya kuzirekebisha. Tatizo la kale lilikuwa lilelile: mkato ulijifunga na kovu likarudi, kwa sababu hakukuwa na ngozi ya kujazia. Mwaka 1875 daktari wa macho John Reissberg Wolfe wa Glasgow, Uskoti, alitangaza kwamba alikuwa ametengeneza kope ya chini ya mtu aliyeunguzwa na baruti kwa kutumia ngozi ya mkono iliyokatwa kabisa na kuondolewa mafuta. Kipandikizi cha ngozi nzima bado huitwa kwa jina lake sehemu nyingi, na ni jambo la kuvutia kwamba mbinu inayotumika leo mwilini kote ilijulikana kupitia kope.

Vita viwili vikuu viliongeza ujuzi huo. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua huko East Grinstead, Uingereza, na kope zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutengenezwa ili kuokoa macho. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na Michael Wood na Mmarekani Thomas Rees, wote madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbo, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki iliyokuja kuwa AMREF. Wazo hilo lilizaliwa shambani kwa Wood, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika mazungumzo kuhusu wagonjwa wa vijijini, wakiwemo walioungua, ambao makovu yao yalikuwa yakikomaa bila daktari yeyote kuwaona.